Mng'aro wa Baskeli ya Wazee

Katika mtaa wa Mpendae, kama katika mitaa mingine mingi ya Ng'ambo ya mji wa Unguja, zimo nyumba ambamo nyuma ya mlango wa uani, au katika kibanda kilichokuwa cha kuni kabla watu hawajahamia kwenye gesi, imesimama baskeli ya mtu aliyekwisha kufariki, haipandwi wala haiuzwi, na hapana mmoja wa watu wa nyumba hiyo awezaye kueleza vyema kwa nini haiuzwi, ila wote wanajua kwamba siku atakapotokea mtu wa kuikokota mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu patazuka ugomvi. Siku hizi warithi wengi, wakishapata kipato kidogo cha ziada na hamu ya kuvihuisha vitu vya wazee wao, huzitoa baskeli hizo nje, wakazipangusa vumbi, na swali la kwanza wanalomfikishia fundi ni hili: wapi nitapata kuchovya kromu upya? Swali hilo ni jema, walakini mahali pake ni karibu na mwisho wa kazi, si mwanzoni, kwa sababu kuchovya upya huanza kwa kuondoa, na kilichoondolewa katika baskeli ya marehemu hakirudi.

Baskeli hizo aghalabu ni za Kiingereza: Raleigh za mji wa Nottingham, Humber, BSA, Hercules na Phillips, zilizoingia visiwani katika zama za ufalme, na baada ya Mapinduzi ya 1964 zikafuatiwa na Feniksi za Shanghai na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam. Umbo lao halikutofautiana sana, kwani viwanda hivyo vipya viliufuata mfano wa Kiingereza uliokwisha kuzoeleka: fremu ndefu nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki zivutwazo kwa fito za chuma badala ya waya, na kerieri ngumu ya nyuma iliyochukua kila kilichohitaji kuchukuliwa kisiwani, tangu madumu ya maziwa ya alfajiri na matenga ya samaki mpaka matita ya majani ya ng'ombe yaliyomficha mpandaji asionekane. Juu ya weusi ule ndipo vilipowekwa vile vitu vichache vya kung'aa, yaani usukani, ringi, krenki na pedeli zake, kengele na kikombe cha taa, na kijana aliyekusudia kwenda Mnazi Mmoja siku ya Sikukuu alianza kuvisugua tangu mchana wa kuamkia Idi, maana mwenye baskeli chafu alihesabiwa kuwa hakujitengeneza, hata angevaa kanzu mpya.

Jambo la kwanza kulijua ni umri wa baskeli, kwa kuwa si kila cheupe kilichomo ndani yake ni kromu. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 viwanda vya Uingereza vilichovya vyuma hivyo katika nikeli tupu, madini ya weupe wenye umanjano kidogo ndani yake, yanayofifia yasiposuguliwa; kromu ilianza kutumika kiwandani katikati ya miaka hiyo, ikaenea katika baskeli mnamo 1930, kisha Vita Kuu ya Pili ilipofika ikawa adimu kwa sababu ilitakiwa kwa ajili ya silaha, na baskeli za miaka hiyo zikatoka usukani mweusi na ringi nyeusi, zimepakwa rangi kila mahali. Mtu akirithi baskeli ya 1927 akaichovya kromu, au akirithi ya 1943 akaing'arisha usukani, ameipamba kwa pambo ambalo mwenyewe wa kwanza hakuliona maishani. Kuujua mwaka si kazi kubwa ikiwa gurudumu la nyuma lina habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, kampuni ambayo habu zake zilianza katika mwaka wa 1902, kwa sababu juu ya gamba la nyingi katika habu hizo zimepigwa chapa tarakimu mbili za mwaka, nazo huonekana zikishaondolewa grisi iliyoganda: 5 na 8 maana yake ni 1958. Gurudumu huweza kubadilishwa, kwa hiyo chapa hiyo si ithibati kamili ya fremu, ila ni shahidi mzuri.

Kromu yenyewe iligunduliwa Ufaransa mwaka 1797 na mwanakemia Louis-Nicolas Vauquelin, aliyeitoa katika jiwe jekundu lililoletwa kutoka Siberia, na ajabu yake ni kwamba madini haya ambayo sisi tunayajua kwa weupe wa kioo, yakichanganyika na vitu vingine hutoa rangi kali kuliko madini mengi: ndiyo yanayoyapa yakuti wekundu wake, hata yale ya Longido kule bara, na ndiyo yanayoitia zumaridi ukijani. Mawe yenye madini hayo huchimbwa Afrika ya Kusini kwa wingi, na Zimbabwe, na hata Omani, nchi ambayo nyumba nyingi za Unguja zina jamaa huko.

Sasa natuingie katika kiini cha shauri. Watu hudhani kwamba usukani umefunikwa kwa kromu, na kwamba kromu ndiyo inayoukinga na kutu. Hasha. Chini ni chuma cha pua. Juu yake, na pengine juu ya tabaka jembamba la shaba nyekundu, kuna nikeli yenye unene wa takriban mikroni 20, ambapo mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita na unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Na juu ya nikeli hiyo ndipo ilipo kromu, ambayo unene wake haufiki hata nusu ya mikroni moja. Kinachokinga ni nikeli. Kromu huzuia nikeli isififie wala isikwaruzike, nayo hutoa ule ubaridi wa rangi ya samawati tunaoupenda. Mwenye kuujua Mji Mkongwe ataelewa nikisema kwamba nikeli ni ukuta na kromu ni chokaa iliyopakwa juu: ukuta ukiwa mbovu, chokaa nyingi kiasi gani haitausaidia.

Kutu huingiaje basi? Tabaka la kromu halikosi nyufa na vitundu visivyoonekana kwa jicho, na katika kisiwa chetu, ambapo upepo wa kaskazi na upepo wa kusi kila mmoja kwa zamu yake huleta unyevu wa bahari hadi ndani ya uchaga wa vyombo, chumvi hupenya katika vitundu hivyo ikaitafuna nikeli polepole mpaka ikafika kwenye chuma. Hapo mambo hugeuka kuwa mabaya kuliko kama chuma kisingefunikwa kabisa. Bati la paa limefunikwa kwa zinki, nayo zinki hujitoa mhanga, ikaliwa yenyewe ili chuma kisalimike. Lakini nikeli ina tabia ya kinyume, kwani ikikutana na chuma katika maji ya chumvi hubaki salama na kukiachia chuma kiliwe, na kuliwa kwenyewe hukusanyika mahali pamoja, penye kitundu kile kidogo, kikawa kinachimbwa kwenda chini. Ndiyo sababu usukani uliokaa uani miaka thelathini huonekana una vitone vyeusi vingi, kila kimoja kimezungukwa na duara ya kahawia, ilhali baina ya kitone na kitone kromu ni nzima.

Baina ya kitone na kitone kromu ni nzima: naomba msomaji alizingatie neno hili kabla hajauliza bei ya kuchovya. Nimemwona fundi mmoja wa Mpendae, afanyaye kazi zake barazani, akiletewa na kijana usukani wa Humber uliogeuka rangi ya udongo mwekundu mwanzo hadi mwisho. Kijana akasema, "Fundi, huu nadhani si wa kutengenezeka, tuutafutie mwingine." Fundi hakumjibu. Alirarua kipande cha karatasi ya alumini, hii ya kufungia vyakula, akakikunja, akakitia maji kidogo, akasugua mahali pa upana wa vidole viwili, karibu na shina, kwa muda wa kuvuta subira tu. Maji yakawa meusi mazito, akayapangusa kwa kitambaa, na pale paliposuguliwa pakaonekana weupe safi wenye taswira ya dirisha la jirani ndani yake. "Tazama mwenyewe, mwanangu," akasema, "usukani haujafa huu, umechafuka." Hapana miujiza hapo. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi, na unga wake ukichanganyika na maji na kutu huwa dawa nyembamba ya kusugulia. Brashi ya waya na msasa, ambavyo ndivyo vinavyokimbiliwa na wengi, huiharibu kromu katika dakika moja kuliko bahari ilivyoiharibu katika miaka kumi.

Pale ambapo alumini haifiki, kama katika makunjo ya kerieri na vichwa vya skrubu, kuna tindikali ambayo uani mwetu haikosekani. Mama zetu waling'arisha masinia na mabuli ya shaba kwa ukwaju, ndimu na majivu; mbirimbi nayo, hii hii iungwayo katika mchuzi na kutiwa achari, ina asidi ya oksali kwa wingi, ambayo ndiyo wauzao dawa za kuondolea kutu huiuza ikiwa unga mweupe. Mbirimbi zikipondwa, maji yake yakachujwa, na chuma kikalowekwa humo kwa saa chache huku kikitazamwa, kutu huyeyuka na kromu hubaki. Mwenye kufanya hivyo na asiondoke akalala: asidi ikizidi muda hutafuta vile vitundu na kukila chuma kilichomo, na ukungu wa manjano hubaki juu yake ambao huondoka kwa kusuguliwa upya. Kikitolewa kisuuzwe, kitiwe katika maji ya magadi ili asidi iliyobaki ife, kisha kikaushwe juani saa hiyo hiyo. Vitone vyeusi vitabaki. Mimi naviona kuwa havina aibu yoyote katika baskeli ya mtu aliyeiendesha kwenda shamba na kurudi kwa umri wake mzima.

Hata hivyo kuna vyuma ambavyo alumini na mbirimbi haviviwezi: nikeli imekwisha kubanduka kwa magamba, na chini yake chuma kimekuwa na mashimo yanayohisika kwa ukucha. Hapo kuchovya upya ni halali, na yafaa mwenye baskeli ajue kinachotendeka asije akadhani ameuziwa kitu kisichokuwapo. Kila chuma hufunguliwa peke yake. Kromu ya zamani huondolewa kwa asidi ya chumvi, nikeli kwa dawa yake, kisha chuma tupu husuguliwa kwa misasa ya ngazi mbalimbali, tangu ya kukwaruza mpaka ya kulainisha, na mwisho kwa gurudumu la kitambaa lizungukalo kwa kasi, kwa maana kuchovya hakufichi kitu: shimo lililoachwa litaonekana chini ya kromu wazi zaidi kuliko lilivyoonekana chini ya kutu. Fundi hodari hujaza mashimo madogo kwa shaba nyekundu, akaisawazisha, akachovya tena. Ndipo chuma hutiwa katika birika la chumvi za nikeli, lenye joto la nyuzi 50 hadi 60, kikaunganishwa na upande hasi wa umeme, na nikeli huhama kutoka katika vipande vilivyotundikwa upande wa pili ikajijenga juu yake. Kromu huja baada ya hapo, katika birika lenye gramu 250 hivi za asidi ya kromu kwa kila lita ya maji na asidi ya salfa kidogo, nayo haichukui ila dakika chache.

Hasara imo katika kule kusugua. Raleigh ilikata umbo la korongo katika duara la meno ya mnyororo, na jina lake likapigwa chapa katika vyuma vingine; kengele nyingi zina maandishi yaliyoinuliwa kidogo tu; na pengine chini ya shina la usukani pana herufi mbili alizozichora marehemu mwenyewe kwa msumari ili baskeli isiibwe msikitini. Gurudumu la kitambaa halibagui. Likipita mara mbili, kingo za korongo huwa butu, na herufi zile mbili zimekwenda. Nimeshika mikononi kengele iliyorudi kutoka katika karakana iking'aa kuliko siku iliyozaliwa, na jina la kiwanda halikusomeka tena. Mwenyewe alikuwa akiisifu, nami sikuwa na la kumwambia.

Sasa niseme neno ambalo kwalo sitaki kufahamika vibaya. Yapo maelezo mengi siku hizi yanayomfundisha mtu kuchovya kromu nyumbani kwa ndoo na betri ya gari. Tafadhalini, mtu asijaribu katika ua wowote wa Mpendae wala wa mtaa mwingine. Nikeli nyumbani ni hatari ya kiasi. Kromu ni msiba. Katika birika la kromu sehemu kubwa ya umeme, zaidi ya nane katika kumi, haijengi kromu bali hupasua maji ikatoa mapovu ya haidrojeni, na mapovu hayo yakipasuka hurusha hewani ukungu wa asidi yenye kromu ya namna ile ambayo wanakemia huiita heksavalenti. Ukungu huo hutoboa ukuta wa pua za mafundi, huleta vidonda mikononi visivyopona, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliutangaza mwaka 1990 kuwa ni msababishi wa saratani ya mapafu pasi na shaka. Ulaya imefikia kuizuia asidi hiyo tangu Septemba 2017 isitumike ila kwa idhini maalumu.

Maji yaliyosuuzia chuma nayo humwagwa wapi? Kisiwa cha Unguja ni jiwe la matumbawe lililojaa matundu, na maji tunayoyanywa yamo ndani ya jiwe hilo. Ndiyo yaliyokuwa katika chemchem za kaskazini ya mji alizozitumia Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipowaletea watu wa mjini maji ya mfereji. Ndiyo yaliyomo katika visima vya mitaani hadi leo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa kromu katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.05 kwa lita, na gramu 250 za lita moja ya birika, zikipigiwa hesabu, zina kromu ya kutosha kuyafikisha kwenye mpaka huo maji ya malori mengi. Asiyeweza kusema maji yake machafu yatakwenda wapi hana haki ya kuyatengeneza, hata usukani ungekuwa wa mtukufu gani.

Kwa hiyo vyuma vipelekwe penye karakana za kweli. Nairobi, katika eneo la viwanda, zipo; na Ludhiana katika Punjab ya India, mji wa viwanda vya baskeli za Hero na Avon, umejaa watu wasiofanya kazi nyingine ila kuchovya maisha yao yote, na wasafiri wa kwenda India kutoka kwetu kwa matibabu na biashara hawakosekani. Kabla ya kukubaliana, mtu aulize hasa mambo mawili: je, wana mashine ya kufyonza ule ukungu, na je, badala ya ile heksavalenti wanachovya kromu ya valensi tatu, ambayo madhara yake ni madogo sana? Weupe wake huwa na kiza kidogo kuliko wa zamani, lakini katika usukani mmoja uliowekwa barazani hapana atakayeutambua.

Barua ipelekwayo pamoja na vyuma na iwe kamili. Iandikwe kwamba nikeli isipungue mikroni 20, kwa kuwa wengi hupunguza hapo ambapo jicho halioni. Kwamba nyuzi za skrubu na vikombe vya gololi vizibwe kwa nta visichovywe, maana Raleigh ilikuwa na nyuzi za kipimo chake mwenyewe na nati ya baskeli nyingine haiingii. Kwamba maandishi na korongo visiguswe kwa gurudumu. Springi za tandiko, ikiwa lazima zichovywe, zitiwe katika tanuri la nyuzi 190 kwa saa kadhaa mara tu zitokapo birikani, kwani haidrojeni huingia katika pua iliyokazwa ikaifanya iwe ya kuvunjika ghafla, na mtu aliyekaa juu yake hatapata onyo. Mimi ningeziacha na kutu yake, nikazipaka rangi nyeusi.

Ringi zina shauri lake. Breki za fito hazikamati ubavu wa ringi. Mipira yake huvutwa juu ikakandamiza upande wa ndani, huku na huku kwa njiti, na pale pameachwa njia mbili zilizolika mpaka chuma kikaonekana, ndizo safari zote za marehemu. Tena kingo za ringi hizo zimekunjwa kuwa mirija, na maji yaliyoingia humo katika masika yote yaliyopita yamekuwa yakiila kwa ndani, mahali ambapo hapana birika lifikapo. Ringi iliyokwisha ndani ikichovywa nje ni khatari kwa mpandaji. India bado inatengeneza ringi za mfano uleule. Zinunuliwe mpya kwa kupandwa, na za zamani zifungwe kwa kitambaa cha mafuta na kuhifadhiwa.

Vyuma vikisharudi, kufunga si kazi ya haraka. Pini za krenki zipigwe huku kipande cha bomba kimesimamishwa chini ya krenki ili pigo lisifike kwenye gololi. Pedeli ya kushoto ikazwe kwa kuzungushwa kinyume, kwa kuwa nyuzi zake zimekatwa hivyo tangu kiwandani. Na kila nati iguse kromu ikiwa na washa chini yake, asije mtu akaichubua siku ya kwanza. Halafu kipande cha nta ya nyuki kiyeyushwe katika tapentaini, mbali na moto, kipakwe juu ya kila kinachong'aa, kiachwe kikauke na kupanguswa. Mafuta ya nazi waliyoyatumia wazee yana harufu nzuri lakini hushika vumbi. Nta hiyo irudiwe mara mbili kwa mwaka, kaskazi inapoanza na kusi inapoanza, na ndani ya makunjo ya kerieri na chini ya kengele, ambamo kidole hakiingii, ipitishwe kwa mswaki kuukuu.